Mshono

Ilko alikuja na zumari ndani ya mfuko wa saruji,
akauliza bei kwanza, kisha choo, kisha pa kukaa.
Tulipatana leva hamsini kwa sauti kumi na mbili.
"Kwa pumzi kumi na mbili," akanisahihisha. "Sauti ni ya mti."

Akafura mashavu.
Chupa za pilipili za siki zikagongana rafuni,
Bi Vesela wa ghorofa ya tatu akagonga bomba kwa kijiko,
na Ilko hakukoma: hewa inaingia puani,
hewa inatoka mdomoni, shavu limeshika akiba
kama muuza duka anayekurudishia chenji
na huku bado anapokea noti.
Sekunde arobaini. Sikuona alipovuta.
Akatazama saa. Nje lori lake la kabeji lilikuwa linangoja
kwenda mpakani.

Sasa ni usiku Petrich, na kinanda changu ni cha mtumba,
kumbukumbu yake haitoshi kuhifadhi chafya.
Kila sauti ina haki ya sekunde moja na robo,
zaidi ya hapo izungushwe:
nichague pa kuanzia, nichague pa kurudia,
nifunge kitanzi, nibonyeze, nishikilie.

Nyeee-tak. Nyeee-tak. Nyeee-tak.

Mtu mwenye kiatu kilichobanduka soli
anakatiza kanisani watu wakisali.

Dawa naijua. Wimbi hupanda, wimbi hushuka,
na njiani kuna mahali lisipokuwa na kitu, sifuri;
ukikata hapo kisu hakitoi damu.
Nakata sifuri kwa sifuri. Tak imekwenda.
Lakini sauti sasa inayumba, nyee-u, nyee-u,
kwa kuwa kufikia mwisho Ilko alikuwa amechoka kidogo,
au amekumbuka kabeji.
Basi naulaza mkia juu ya kichwa,
huu ukififia kile kinainuka,
manesi wawili wanaopishana zamu mlangoni,
mmoja anavua koti, mwenzake analivaa.
Saa saba. Saa nane.
Plamen anaingia na soksi moja, anasikiliza, anakuna tumbo:
"Safi kabisa. Kama friji."

Anarudi kulala.

Ni kweli. Nimepiga pasi mpaka kitambaa kimeungua.

Narudi kwenye mkanda wote, zile sekunde arobaini,
naukuza kiooni mpaka wimbi linakuwa milima,
na hapo naliona: kibonyeo, kidogo kama alama ya jino kwenye jibini.
Baada ya sekunde tatu, kingine. Kisha kingine.
Pua yake!
Naye ana mshono. Hakuuficha penye sifuri,
aliuegemea, akaisukuma sauti juu unywele mmoja
kabla ya kuvuta, sikio likamfuata huko.

Nafuta violini zote. Nafuta kengele.
Nafuta lile kundi la tarumbeta lililokuja na mashine.
Nimepata sekunde tatu.
Nafunga kitanzi kutoka pua hadi pua, nabonyeza:

Avuta huku avuma, atoa huku aweka,
Mwisho warudi kwa nyuma, mwanzo nao wafunguka,
Kisu hakipati nyama, mkono waona shaka,
Kidole sijainua, avuta huku avuma

Asubuhi nampigia simu. Yuko foleni ya forodha,
nasikia malori yakinguruma na mtu akitukana kwa Kigiriki.
Naweka simu kwenye spika, nashikilia kitufe,
nahesabu moyoni mpaka sitini, mpaka themanini,
kidole kinaanza kuwa cheupe.
Ilko kimya.
Kisha: "Umechukua na pua."
Ndiyo, nasema.
"Pua hatukupatana."