Filamu Isiyo na Tafsiri

Balad Sayt, umeme umekatika tangu alasiri.
Ghaniya kaegemeza simu kwenye birika la kahawa:
filamu ya dakika kumi na moja, lugha ya watu wa theluji,
hatujui hata wanavyoita maji.

Mwanamke. Kibanda. Taa moja.
Nje mbwa kabweka mara mbili, kisha kimya.
Mkono umeshafika kwenye komeo.
"Usifungue, mwanangu," shangazi Zamzam akamwambia,
kwa Kiswahili cha Ng'ambo, kana kwamba atasikia.

Betri ikafa.

Tukabaki na mlima,
na mbuzi wetu, ambao tangu magharibi
hatujawasikia.

Shangazi akainuka, akapapasa ukuta,
akalikaza komeo letu,
halafu akalikaza tena,
la yule mwanamke.