Mstari wa Saba

Alhamisi, mtaani kwetu Muroran, ni siku ya taka za kuchomwa.
Sheria imebandikwa kwenye nguzo, ina na picha,
asiyejua kusoma asiwe na pa kujitetea:
karatasi, nepi, maganda ya machungwa, ndiyo.
Simu, betri, mashine ya kunyolea, hapana.
Hivyo vina sanduku la njano kwenye ofisi ya kata,
na kabla hujatumbukiza unafuta picha, majina, namba za benki,
unaziba ncha za betri kwa utepe
kama mtu afungaye kidole kilichokatwa na kisu.

Miaka kumi na tisa nabeba mifuko hii.
Najua nyumba kwa uzito wa taka zake:
Bwana Sugimori amerudia chupa,
binti wa duka la miwani amejifungua.
Mfukoni nina vibandiko vyekundu:
HAUCHUKULIWI.
Nimevibandika bila huruma.

Bibi Toshie Kumagai, miaka themanini na mmoja,
alinikimbilia siku moja kwa ndala juu ya barafu,
amekumbatia mfuko wenye redio ya marehemu mumewe.
"Ni kadogo tu, mwanangu. Hakali nafasi."
Nikamwambia sheria haipimi ukubwa.
Akaurudisha ndani.
Sikumsaidia kubeba.

Saa tatu na robo. Okabe alinusa kabla sijaona:
harufu tamu, ya sukari iliyoungulia sufuriani,
halafu *pu*,
kama kicheko kilichozibwa kwa kiganja.
Mtambo wa kushindilia ulikuwa umekwisha kukibana kitu tumboni.
Moshi mweupe. Moshi mweusi.
Okabe akavuta wenzo, gari likatapika mzigo wote barabarani
mbele ya shule ya chekechea,
na walimu kule ua wa nyuma wakawahesabu watoto
mmoja, wawili, hadi thelathini na wanne,
wakaanza tena mmoja.

Hakuna aliyekufa, niseme mapema.
Okabe alipoteza nyusi, na ngozi ya kiganja cha kushoto.
Gari likabaki mbavu.

Jioni zimamoto walitandaza majivu kwenye turubai
wakayachambua kama mchele wenye mawe.
Wakaniwekea mezani, ndani ya mfuko wa nailoni,
feni ya mkononi,
ile ya kujipepea kwenye foleni wakati wa joto.
Mpini umeyeyuka nusu.
Kwenye nusu iliyobaki, picha ya sungura
mwenye jicho moja.

Jicho la pili nililing'oa mimi,
Agosti, nikikwangua peremende iliyoganda,
na Kozue alilia mpaka nikamnunulia aiskrimu.

Jumanne usiku nilikuwa nasafisha droo.
Feni ilikuwa imevimba, haiwaki.
Sanduku la njano ni dakika saba kwa miguu.
Nilikuwa nimekwisha kuvua viatu.
Basi nikaisukuma katikati ya maganda ya viazi,
nikafunga fundo mara mbili,
nikanawa mikono.

Watu husema mganga hajigangi.
Huyu hata hakujiona mgonjwa.

Fomu ina mistari kumi na miwili.
Namba ya gari. Muda. Majeruhi.
Mstari wa saba: *Chanzo cha moto, na mwenye mali.*
Ofisa amekwisha kujaza kwa penseli, kwa wema tu,
kwa sababu huwa ni hivyo, mifuko ni elfu mbili kwa siku:
*Hajulikani.*
Amenisogezea kalamu ya wino niupitie mwandiko wake,
kisha akaenda kutafuta chai.

Nikaifikiria redio ya Bibi Kumagai,
iko kabatini bado, bila shaka, imefunikwa kitambaa.
Haijamchoma mtu.

Ofisa aliporudi na vikombe viwili
nikamwomba kifutio.
Alikuwa nacho kimoja, cha mwanawe,
kidogo, chenye harufu ya stroberi.
Kilichukua muda.