Kaa Kitako, Utaitwa

Wete, saa tano asubuhi, umeme upo.
Nina faili elfu kumi na moja mia nne na sita:
vitabu vya kliniki ya wajawazito
vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa,
wino wake wa buluu umekwenda maji.

Programu ya kwanza aliiandika Shaame
kabla hajahamia Unguja.
Ilikuwa na adabu kupita kiasi.
Ikifungua faili husimama mlangoni,
mikono nyuma, haikohoi, haigeuki,
mpaka diski itafute, ipate, ilete.
Halafu ya pili. Halafu ya tatu.
Nikapiga hesabu: siku nne, umeme ukikubali.
Na umeme wa Wete, n'kwambie,
haujapata kukubali siku nne.

Nikakumbuka dirisha la hospitali ya Chake.
Unatoa kadi, nesi hata sura yako haitazami,
anasema, "Kaa kitako, utaitwa,"
na mkono umeshapokea kadi ya aliye nyuma yako.
Hakuna anayefuatana naye kabatini.

Basi nikaifumua.
Kila "soma" nikaipa ahadi:
jibu sina sasa, shika hii, litakuja.
Nikaandika "subiri" pale tu panapotaka subira,
si kila mstari, kama chumvi ya mwali
anayepika mara ya kwanza.
Na chini ya yote kitanzi kimoja, kinazunguka, kinauliza:
Nani tayari? Wewe? Njoo. Nani tayari?

Zikaanza kurudi, wala si kwa zamu.
Ya mia tatu ikaitangulia ya pili.
Nyembamba zilipita, nene zikajikongoja.

Makosa yalikuwepo.
Mara ya kwanza niliziachia zote,
elfu kumi na moja zikabisha hodi kwa mpigo;
mashine ikagoma: milango iliyo wazi imezidi.
Kufungua nilikumbuka. Kufunga nilisahau.
Nikazipanga hamsini hamsini,
kila anayetoka arudishe mlango.
Mara ya pili, mbili ziliandika daftari moja,
kalamu juu ya kalamu,
na Mize binti Faki akapata uzito wa mtoto wa Bikombo
pamoja na mume ambaye hajapata kumuona.
Nilicheka peke yangu ofisini. Kisha nikatia foleni.

Saa nane na robo, ya elfu sita na kitu ikarudi:
Kazija Kombo Hamad, mimba ya tatu.
Mimba ya tatu ni mimi.
Mahali pa baba, mkunga ameandika:
safarini, Maskati.

Nikifika nitakuiteni, alisema.
Haikutimia ahadi hiyo, wala haikukataliwa.
Inaelea hadi leo,
imeshikilia nafasi yake kwenye kumbukumbu.

Lakini mama hakusimama mlangoni.
Alishona kofia, kijicho kwa kijicho,
akalipia sare, akamzika mamake,
akaezua paa na kuliezeka upya kwa bati,
akajifunza kusoma na miaka arubaini na mbili.
Ukimuuliza, "Bado unamsubiri?"
hujibu, "Ndiyo," sindano haijasita.
Watu walidhani hajui anachosema.
Na mimi nilidhani.

Shaame alinifunza kila ahadi ipewe muda:
sekunde thelathini, isipojibu, itupe,
andika kosa, endelea.
Nimeutia mstari huo. Ni busara.
Kwetu sijui ningeuandika wapi.

Saa kumi kasoro dakika chache
zote zimerudi ila tatu,
kurasa zilizoliwa na mchwa.
Nimeandika kosa. Nimefunga.

Nikampigia mama nimwambie nimeliona jina lake.
Simu iliita, ikaita, hakupokea.
Nikaiweka mezani, kioo juu,
nikafungua kitabu kingine.