Sufu Ndani ya Feni

Inazimika palepale, kila mara palepale:
ngome ya adui imebakiza matofali matatu,
wenzake wanne wanampigia kelele masikioni,
halafu giza. Skrini nyeusi, na ndani yake uso wa kaka yangu Temuulen,
mdomo wazi, kama aliyeulizwa jina lake akalisahau.

Nje ni digrii thelathini na moja chini ya sifuri.
Ulaanbaatar yote imeganda; moshi wa makaa umesimama wima
juu ya mabomba ya majirani, hauna nguvu ya kwenda popote.
Na hapa mezani kuna kitu kinakufa kwa joto.
Nacheka. Yeye hacheki.

Tulianza na dawa za wavivu.
Tuliiinua juu ya kamusi mbili, ipate kupumua.
Tukashusha ubora wa picha hadi askari wakawa vibonge,
miti ikawa fagio, mto ukawa utepe wa buluu.
Tisini na nne. Tisini na saba. Giza.
Akaibeba hadi dirishani, akafungua kidogo;
nikamvuta ukosi: umande ukiingia humo
hutatengeneza tena, utazika.
"Basi fanya wewe, fundi,"
na hilo "fundi" alilitema kama kokwa.

Skrubu kumi na moja. Nikazipanga kwenye karatasi,
kila moja juu ya mchoro wa ilikotoka.
Kifuniko kikalia, kikaachia.
Feni haikuwa na vumbi.
Ilikuwa na zulia:
la kijivu, nene, limeng'ang'ania mbavu za shaba
kama lililofumwa humohumo, kwa vipimo.
Nikalitoa zima kwa kibanio. Lilikuwa laini.

Nililijua.
Mama yuko nyuma ya pazia, magotini, tangu saa kumi alfajiri,
maji moto, sabuni, sufu ya kondoo,
anashindilia sapatu za watalii ambao baridi hii hawaji.
Jozi mia moja na arobaini ndizo zilizoinunua mashine.
Nyuzi zake huelea humu, tunazivuta, tunazinywa kwenye chai,
na feni, ambayo haijui kazi nyingine ila kuvuta pumzi,
ilimvuta mama miaka mitatu
mpaka ikakabwa.

Kaka akalitazama lile bonge kiganjani mwangu.
Hakusema kitu. Akaenda kuleta taa.

Krimu ya zamani juu ya prosesa ilikwisha kuwa chokaa;
nikaikwangua kwa kadi ya basi, nikafuta kwa spiriti,
nikatia mpya, kiasi cha punje ya mchele, isizidi.
Tukafunga. Tukawasha. Akaingia vitani.
Sabini na tisa. Themanini na mbili. Themanini na mbili.
Saa nzima, feni inanong'ona tu.
Akashindwa, safari hii kwa mkono wake mwenyewe,
hana wa kumsingizia.

Mama akapita, akaliokota bonge mezani,
akalivuta ncha, akalinusa.
"Mbona bado nzuri hii," akasema,
akarudi nayo nyuma ya pazia.

Kwenye karatasi imebaki skrubu moja.
Mchoro unasema ilitoka kona ya kushoto.
Nimeifunika kwa kikombe.