Pampu Mbili, Walukuba

Chumvi naikoroga ndooni,
maana bahari iko ng'ambo ya mpaka.
Pampu moja naielekeza kioo cha kulia,
ya pili kushoto, chini kidogo,
zigombane katikati.

Jirani yangu Baligeya anacheka dirishani:
"Jinja nzima ni mkondo,
wewe unaununua dukani?"

Sijibu. Nachungulia nyuma ya jiwe,
uchafu ulipozoea kulala
kama mgeni asiyejua kuaga.
Leo umeinuka.
Matumbawe yananyoosha vidole,
yanayumba, yanashiba.

Saa mbili usiku umeme unakatika.
Maji yametulia
kama chai iliyosahauliwa.
Nashika kikombe gizani:
nachota, namwaga,
nachota, namwaga,
bega linawaka moto.

Hodi mlangoni.
Baligeya, kimya,
na kikombe chake.