Mkono

Wenjing aliandika: mkono, kiungo cha mwili.
Akafunga daftari, ameridhika.

Jumamosi, sokoni Kiboriloni,
fundi cherehani akapima shati lake la mtumba:
"Dada, nikate mkono?"
Akaficha vidole mfukoni.

Muuza ndizi hakupunguza hata mia.
"Mkono wa birika huyu," nikamnong'oneza.
Akatafuta birika kati ya mikungu.
Nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia.

Jioni tukapanda Kibosho, msibani.
Mzee Kimaryo alikuwa akimfungulia geti la kiwanda
kila alfajiri.
Nikasema: hapa tunatoa mkono wa pole.
Hakuandika.
Akatoa miwili, akashika wa mjane,
akakawia.

Njiani akauliza:
"Huu nao una wingi?"
Nikamwonyesha majirani
wanapandisha na masufuria.