Safu ya Saba

Bahasha ililetwa na kijana wa mahakama,
baiskeli yake imejaa vumbi la Cheyo.
Nilisaini daftari lake, kalamu ikagoma, nikasaini tena.
Ndani mlikuwa na karatasi moja na mhuri wa buluu.
Mihayo Lugusha, mpasuaji mbao, kiwanda chetu cha Kiloleni.
Elfu sitini na tano kila mwezi
kwa ajili ya Shija, miaka minane, anayeishi Ipole kwa mama yake.
Mwajiri akate.
Mwajiri apeleke kabla ya tarehe tano.
Mwajiri aandike taarifa.

Mwajiri. Niligeuka kumtafuta.
Bwana Kasanzu alikuwa uani, anagombana na lori.
"Sisi tunapasua mninga," alisema, mikono yote grisi,
"hatupasui ndoa za watu."
Nilicheka, maana ilichekesha.
Kisha nikachukua rula, nikachora kwenye kitabu cha mishahara,
baada ya bima, baada ya chama, baada ya deni la duka,
safu ya saba: Matunzo.

Siku ya mshahara Mihayo aliingia na unga wa mbao kwenye kope.
Alifuata mistari kwa kidole kisicho na kucha.
Nilidhani atapiga meza.
"Afadhali mkate ninyi," alisema.
"Ikipita mkononi mwangu, mkono wangu naujua."

Mwezi wa kwanza nilipeleka.
Mwezi wa pili dizeli iliisha.
"Hiyo ya mahakama ingoje," akasema Bwana Kasanzu, "si ipo tu?"
Ilikuwepo kweli, sandukuni, imefungwa kwa rababendi,
noti sita za elfu kumi na moja ya elfu tano.
Jenereta ikazinywa zote kabla ya Ijumaa.
Mwezi wa tatu, tairi.

Hapo ndipo usingizi uliponiacha.
Isevya nasikia treni ya Mpanda ikipiga honi, nahesabu.
Pesa ile ikishakatwa si ya Mihayo,
jasho lake limeshaiaga.
Wala si ya Kasanzu, hata ikilala sandukuni mwake:
mgeni akilala kwako hujamzaa.
Ni ya mtoto, iko safarini,
na barabara ni sisi.

Kalunde alikuja Jumanne, amepanda lori la tumbaku
tangu usiku. Hakukaa.
Mihayo aliitwa kutoka kwenye msumeno, akatoa hati ya mshahara
mfukoni, imekunjwa mara nne, imelowa.
"Nimekatwa! Soma hapa, nimekatwa!"
"Nimeletewa nini?" alisema Kalunde. "Nionyeshe nilicholetewa."
Wote wawili walisema kweli.
Uongo ulikuwa umekaa katikati yao
kwenye kiti cha magurudumu, umeshika kalamu,
umevaa miwani yangu.

Kabla ya kuondoka alisema jambo moja, wala si kwa ukali:
Shija anavaa viatu vya binamu yake,
ndani vidole vimekunjwa kama ngumi.

Leo taarifa ya mahakama iko mezani.
Jina. Kiasi kilichokatwa. Tarehe ya kupelekwa.
"Andika tarehe thelathini," Bwana Kasanzu ameniambia,
"nani atakuja kukagua Kiloleni?"
Nimeandika: Haijapelekwa. Miezi miwili. Iko kwetu.
Kisha nimempelekea aweke saini.

Ameisoma kwa muda ambao gogo zima lingepita kwenye msumeno.
Hajasaini. Hajaichana.
Ametoa mkufu wa funguo, ameutazama, ameurudisha mfukoni,
amesema ngoja, ametoka uani.

Nangoja. Ni tarehe nne, saa nane na nusu.
Benki inafungwa saa kumi.
Dereva aliyetoka Sikonge asubuhi
anasema kule mvua imeshaanza,
na njia ya shule ni tope tupu.